Kabla ya kalamu ulikuwa nani?

Wadogo zangu mnaoanza kuandika kwa malipo hapa Dodoma, mnaniletea wasifu mkiwa mmefuta kila kazi isiyo ya ofisini. Nawaomba msifute.

Kabla sijalipwa kwa makala hata moja, nilikaa misimu mitatu Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, nikiwa karani wa mizani. Kazi ilikuwa kusoma sindano na kuandika kilo kabla vijana hawajashusha gunia. Pale ndipo nilipojua kwamba gunia si kipimo. Lipo la kilo 100, na ipo lumbesa, limeshindiliwa mpaka limeshonewa kilemba juu. Anayeuza kwa gunia anapunjwa. Anayeuza kwa kilo anaijua haki yake.

Miaka ikapita, nikapewa ripoti yangu ya kwanza kuhusu wakulima. Nikaandika kwamba walivuna gunia 40. Mhariri akairudisha na swali moja: za kilo ngapi? Niliumia, maana jibu nilikuwa nalo tangu sokoni. Nilidhani uandishi unataka maneno mazito, nikaiacha mizani Kibaigwa. Siku hizi nikitaka kuandika “nyingi” au “kubwa”, kwanza naikumbuka ile sindano.

Ukatibu wa kikoba nao ulinifunza. Akina mama ishirini wanaongea kwa pamoja, nawe uandike walichokubaliana tu. Wiki inayofuata muhtasari unasomwa mbele yao wenyewe. Ukikosea deni la mtu, unasimamishwa palepale. Sijakutana na mhariri mkali kuliko wao.

Kwa hiyo chukua karatasi, uorodheshe kila ulichowahi kuwa: mlezi wa wadogo zako, bodaboda wa Nkuhungu, mvunaji wa zabibu Hombolo, mwanakwaya. Mbele ya kila kimoja andika ulikuwa ukikaripiwa nini. Ulipokaripiwa sana ndipo ulipojifunza sana. Ila angalia na upande wa pili: waliowahi kufundisha darasani huwa wanamhutubia msomaji, na hilo wanapaswa kulipunguza.

Kazi iliyonijenga kuliko zote haikuwa na mshahara. Nilimuuguza bibi yangu, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga, nikawa mkalimani wake kliniki. Daktari alisema asiache dawa za presha hata akijisikia nafuu. Nikamgeuzia kwa Kigogo neno kwa neno; akaitikia kwa heshima tu, na nikajua hakuna kilichoingia. Tulipofika nyumbani nikajaribu tena. Nikamwambia, bibi, dawa hii ni kama palizi ya uwele: ukiacha kwa sababu leo shamba linaonekana safi, magugu yanarudi.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Hata mvua zikikata?”

Ndivyo nilivyojua ameelewa, kwa sababu ameuliza. Mpaka leo nikimaliza makala namsomea mtu mmoja asiye wa fani, nangoja swali lake. Akiitikia tu kwa heshima, narudi mezani kuandika upya.