Klabu ya mwanga chuoni bila maabara: mwaka wetu mmoja, Unguja mpaka Pemba

Asalaam alaykum. Nimelisoma suali lako ndugu yangu, unasema uko mwaka wa kwanza, unataka kuanzisha klabu ya optiki, yaani elimu ya mwanga, hapo chuoni kwenu, maabara ina benchi moja na lenzi mbili zilokwaruzika, umeambiwa usubiri bajeti, na unauliza klabu kama hii itafanya nini mwaka mzima. Mie nilikuwa katibu wa klabu yetu mwaka wa masomo 2024/25 hapa Unguja, kwa hivo ntakujibu kwa yale tulofanya kwa mikono yetu, ni marefu kidogo nivumilie.

Bajeti usiisubiri. Siye tulianza watu tisa, mwezi wa Novemba, kila Alkhamis baada ya sala ya alasiri, chini ya mwembe ulo nyuma ya madarasa mana chumba tulikuwa hatujapewa, na mwembe wenyewe ndo ukawa somo la kwanza. Kaa chini ya mti wenye majani mengi mchana jua likiwa kali, utaona vidoa vya mwanga vimetapakaa ardhini, vyote vya mviringo, na ukitazama juu matundu baina ya majani hayana umbo hilo hata moja, mengine pembe tatu, mengine kama ufa. Kila kidoa ni picha ya jua. Tundu dogo halichori umbo lake, linachora umbo la kile kinachotoa mwanga. Tukapima kwa rula, tundu likiwa mita 5 juu kidoa kinakuja kama sentimita 5, na ukipiga hesabu ya upana wa jua kwa masafa yake kutoka kwetu, sehemu moja kwa 107 hivi, inakubali. Dada mmoja wa mwaka wa pili anosoma ualimu alisema miaka yote kapita chini ya miembe na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anakanyaga majua. Kutoka hapo sikuwa na wasiwasi na klabu tena.

Disemba tukenda Mji Mkongwe, nyumbani kwao mwenzetu mmoja, nyumba ya zamani ya ghorofa, kuta nene na madirisha ya mbao mazito yanayofunga khaswa. Tukafunga chumba cha juu chote, nyufa tukaziba kwa matambara, tukaacha tundu moja tu kwenye ubao wa dirisha, upana wake kama punje ya dengu, na upande wa pili tukatundika shuka jeupe. Mwanzo hukuona kitu, macho lazima yazoee kiza, dakika tano nzima tumekaa kimya. Halafu pole pole ikaja: kichochoro chote kiko kwenye shuka kichwa chini miguu juu, ukuta wa jirani na rangi yake ya chokaa iliyobambuka, nguo zimeanikwa zinapepea, mtu akapita na baskeli yake magurudumu yakiwa juu. Picha ina rangi na inatembea na hakuna umeme wala lenzi.

Bibi wa nyumba ile, umri wake wa kutosha, alipanda ngazi kuja kutazama tunafanya nini. Akasimama mlangoni akatazama, akasema alipokuwa mtoto akilazwa mchana kwenye chumba kilichofungwa alikuwa akiwaona watu wadogo wadogo wanapita kwenye dari, akiwaambia wakubwa anaambiwa ni majini lala. Akakaa kitako pale pale sakafuni na kanga yake akatazama mpaka karibu na magharibi. Tukamweleza kuwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikuwa akifanya majaribio ya mwanga kwenye chumba cha kiza kama hiki huko Misri miaka elfu moja nyuma, na kwenye Kitab al-Manazir, kitabu chake cha mambo ya mwanga na kuona, kaandika kuwa jicho halitoi mwanga, linapokea. Bibi akasema "basi nilikuwa naona kweli." Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ukiniuliza mwaka mzima nini kilinifurahisha, ni siku ile.

Darubini tuliitengeneza Januari. Hapa usikosee kununua vitu vya bei. Nenda kwa mafundi wa miwani, mwombe lenzi ya namba +1.00 ambayo haijakatwa kuingia fremu, hiyo inakusanya mwanga kwenye masafa ya mita moja kamili (namba ya miwani ni moja gawa kwa masafa hayo kwa mita, ya +2.00 ni nusu mita, unaweza kuhakikisha kwa kuichomesha jua kwenye karatasi na kupima). Upande wa jicho unaweka lenzi ndogo ya kukuza, inayokusanya mwanga kwenye masafa ya sentimita 5. Mita moja gawa kwa sentimita 5 unapata ukuzaji mara 20, ni ule ule alokuwa nao Galileo 1610. Bomba la plastiki la maji, gundi, na rangi nyeusi ndani. Yetu ya kwanza ilikuwa na ukungu na rangi rangi pembeni, tukavunjika moyo wiki mbili, mpaka maalim wetu akatwambia tuifunike lenzi ya mbele kwa kadi nyeusi yenye tundu la sentimita mbili na nusu tu katikati. Mwanga ukapungua lakini picha ikatulia. Usiku ule sayari ya Jupita, wazee wanoiita Mushtari, ilikuwa juu sana, na tukaviona vidoti vimejipanga mstari ubavuni mwake, ndo miezi yake hiyo. Watu wa dakhalia walipanga foleni uwanjani mpaka saa sita usiku.

Mwezi wa Ramadhani nilidhani klabu italala, watu wamefunga, vipindi vimepunguzwa. Kumbe ndo mwezi tulofanya jambo rahisi kuliko yote na lenye maana kwetu kuliko yote. Unguja iko nyuzi 6 na kidogo kusini ya mstari wa ikweta, kwa hivo mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini khaswa, mwanzoni mwa Machi na kiasi cha tarehe 8 Oktoba. Mwaka ule ilikuwa 4 Machi. Tukasimamisha kijiti cha mita moja kwenye uwanja ulio sawa, tukakinyoosha kwa timazi, tukakaa nacho. Kivuli kikazidi kufupika, kikawa kama kidole, kikawa kama ukucha, na saa 6 na dakika 35 mchana kikaingia ndani ya kijiti chenyewe, hakuna kivuli. Mtu wa mji mwengine anaweza kushangaa kwa nini si saa sita kamili, ni kwa sababu saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari ulio mashariki yetu, na mwezi wa Machi jua lenyewe linachelewa karibu dakika 12. Ile ndo zawali yenyewe, umeiona kwa macho, na adhuhuri inaingia jua likishapinduka hapo.

Kisha mmoja akasema tusiondoke, tungoje alasiri. Kwa sisi Shafii alasiri inaingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe ukiongeza kile kivuli cha zawali, na siku ile cha zawali ni sufuri, kwa hivo hesabu ni safi kabisa. Tukachora mstari mita moja kutoka kwenye kijiti. Saa 9 na dakika 35, 36 hivi, ncha ya kivuli ikagusa mstari, saa tatu kamili tangu zawali, jua liko nyuzi 45, na haukupita muda tukasikia adhana kutoka msikiti wa karibu. Vijana tulikaa kimya wote. Wengi wetu tunafuata kalenda ya ukutani tu na programu ya simu. Ukiwa Pemba ngoja siku mbili tatu zaidi mwezi Machi, mana Pemba iko kaskazini kidogo.

Tarehe 16 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Mwanga, siku hiyo mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani huko Marekani. Hii iweke kwenye kalenda ya klabu mapema mana hata uongozi wa chuo unaikubali kwa urahisi, ni siku inayotambulikana na UNESCO. Siye tuliweka meza nne. Meza ilojaa watu ilikuwa ya kupima unywele. Unachukua unywele mmoja, unaubandika kwa selotepu kwenye fremu ya kadi, unapitisha leza nyekundu ya nanomita 650 (huo ndo urefu wa wimbi la mwanga wake), ukutani hutaona kivuli cha unywele, utaona mstari wa vidoa vinang'aa na baina yao kiza. Ukuta wetu ulikuwa mita 4, kiza mpaka kiza sentimita 3 na nusu, zidisha nanomita 650 kwa mita 4 gawa kwa mita 0.035, unapata mikromita 74, yaani sehemu 74 kwa elfu za milimita. Kila mtu alitaka kujua wake, mwengine akapata 50 na kitu akafurahi kama kashinda bahati nasibu.

Sasa hapa nataka unisikilize vizuri. Siku ile ile mwenzetu alileta leza ya kijani aloinunua dukani, haina alama yoyote ya nguvu yake, na mtoto wa skuli alokuja kutembea akaichukua mezani tukiwa tunazungumza na wageni akaielekeza usoni kwa mwenzake. Yule kijana alifumba macho kwa haraka, tukampeleka kuchunguzwa, alhamdulillahi hakupata dhara, lakini mie sikulala. Leza ya chini ya miliwati 1 jicho linajiokoa kwa kupepesa, ya zaidi ya hapo usiitegemee kope. Na za kijani za bei rahisi zina ubaya mwengine, ndani yake kuna mwanga wa infraredi unaogeuzwa kuwa kijani, wasipoweka kichujio ule infraredi unatoka nao na jicho haliuoni kwa hivo kope haifumbi. Baada ya siku ile tukaandika sheria: leza zote ni nyekundu na zina alama, zimefungwa kwenye kibao kwa waya, zinaangalia ukuta, ziko chini ya kiuno cha mtu, na kuna mwanachama mmoja kazi yake ni hiyo tu. Sheria hiyo ianze siku ya kwanza ya klabu yako, usingoje yakufike.

Julai likizo, watano katika sisi ni Wapemba, tukabeba vitu kwenye mabegi tukapanda meli. Tulikwenda skuli tatu, Wete na Chake. Madarasa yana mwanga mwingi mno kwa majaribio, basi akinamama wa jirani wakatuazima kanga tukaziba madirisha, darasa likawa jekundu na la njano mpaka tukaweka mbili mbili. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, itoboe karibu na kitako, tia maji na tone la maziwa, upande wa pili elekeza leza kwenye lile tundu. Maji yakitoka yanapinda kushuka na mwanga unapinda nayo, unateremka mpaka kwenye beseni, ukiweka kiganja chini unapata kidoa chekundu mkononi. Mwanga ulo ndani ya maji ukigonga ukingo kwa kulala sana, zaidi ya nyuzi 49, hautoki, unarudi ndani. Tukawaambia intaneti ya simu zao inakuja hivo hivo, ndani ya nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari, kama waya wa SEACOM uliofika Dar es Salaam 2009.

Lakini mtoto mmoja wa kivuvi ndo alitusomesha siye. Tulikuwa tunaonesha sarafu ndani ya bakuli la maji inavoonekana imepanda juu, akasema "baba akipiga samaki kwa mkuki hampigi pale anapomuona, anampiga chini yake." Maji ya kina cha mita moja ukiyatazama kwa juu yanaonekana kama sentimita 75, na yule baba kaijua bila kuisoma popote. Kuanzia siku ile tukienda skuli za pwani tunaanza kwa kuwauliza wao.

Kuhusu jumuiya za nje za wataalamu wa mwanga, Optica (ile ilokuwa ikiitwa OSA mpaka 2021) na SPIE zote zina utaratibu wa matawi ya wanafunzi vyuoni, ukisajiliwa unaweza kuomba fedha za shughuli na mtaalamu wa kuja kusomesha. Masharti yamo kwenye tovuti zao. Fanya, ila mie kwa rai yangu kwanza uwe na mwaka mmoja wa kazi yenye picha na kumbukumbu, kitabu cha mahudhurio usikidharau.

Tulifunga mwaka usiku wa 7 Septemba 2025, kupatwa kwa mwezi. Tulikuwa ufukweni na darubini yetu ya bomba, watu wa mtaani wakaja na watoto. Kivuli kikaanza kuumega saa 1 na dakika 27, na kuanzia saa 2 na nusu mpaka karibu na saa 4 kasoro dakika 8 mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli, rangi ya shaba. Watoto wanauliza kama umefunikwa kwa nini haukupotea, tunawajibu kuwa mwanga wa jua unapinda ukipita kwenye hewa inoizunguka ardhi, bluu inatawanyika njiani, nyekundu inafika, kwa hivo ile rangi ni ya magharibi na alfajiri zote za dunia kwa wakati mmoja zimeangukia mwezini. Msikitini ikasaliwa sala ya kupatwa, tukaiacha darubini na mtu mmoja tukenda, tuliporudi tukamkuta mzee mmoja kakaa nayo hataki kumpisha mtu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kamili litakuwa Misri na Saudia huko, siye huku tutapata sehemu. Miwani maalumu agiza mapema, miwani ya kawaida ya jua haifai hata kidogo. Na kama mna mwembe hapo chuoni, mchana ule wapeleke wanachama wako chini yake watazame ardhini, vile vidoa vyote vitakuwa vimemegwa upande mmoja.