Kabla ya kuuliza SSD gani, tazama chaja: ushauri kwa anayeanzisha seva ya nyumba Mombasa

Wengi wanaonijia kutaka ushauri kuhusu seva ya nyumba huanza na swali la diski. Wameshasikia kwamba memori kadi hufa, wameshaona SSD, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka, za bei nafuu madukani, na wanataka kujua wanunue ya ukubwa gani. Mimi huwauliza kwanza wanatumia chaja gani. Nimekuwa nikiendesha Home Assistant, programu inayosimamia taa, pampu na vifaa vingine vya nyumba, juu ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, katika nyumba yetu ya Kibokoni, Mji wa Kale, tangu mwaka 2020, na katika muda huo nimezika kadi mbili na SSD moja. Katika vifo hivyo vitatu, viwili vilisababishwa na stima.

Kadi, hata hivyo, ina udhaifu wake wa kweli. Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, huandika katika hifadhidata ya SQLite kila badiliko la kila kifaa: joto limepanda, taa imezimwa, maji ya tangi yameshuka. Usipobadilisha mipangilio, mabadiliko hayo hukusanywa na kuandikwa kila baada ya sekunde 5, usiku na mchana, kisha historia yake huhifadhiwa kwa siku 10. Kumbukumbu ya flashi, ambayo ndiyo iliyo ndani ya kadi, haiwezi kufuta herufi moja peke yake. Ni lazima ifute fungu zima, na ndiyo sababu vipande vidogo vidogo visivyokoma huichosha haraka kuliko faili moja kubwa inayowekwa mara moja na kuachwa. SSD nayo ni flashi, ila kidhibiti chake ni bora zaidi, husambaza uchakavu katika eneo lote la diski, na eneo lenyewe ni kubwa. Kwa kazi hii GB 120 zinatosha na kubaki. Kabla hata ya kununua, fungua orodha ya vifaa vyako uvitoe katika kumbukumbu vile ambavyo historia yake haikufai. Kipima umeme kinachotuma tarakimu mpya kila sekunde kinaweza kuandika zaidi kuliko nyumba nzima iliyobaki.

Jambo ambalo sikuambiwa ni kwamba SSD za kawaida za bei ya chini hazina kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya umeme, za kuishikilia diski hadi imalize kuandika pale stima inapokatika ghafla. Kwa hiyo anayehama kutoka kwenye kadi ili akimbie kukatika kwa stima amehama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Tena SSD huongeza mzigo. Raspberry Pi 4 inahitaji adapta ya volti 5 na ampea 3, na milango yake minne ya USB inagawana ampea 1.2 kwa jumla. Mimi niliichomeka SSD kwenye ubao uliokuwa ukilishwa na chaja ya simu kupitia waya mwembamba wa mita mbili, waya ambao kwa simu haukuwa na kosa lolote, na wiki ya kwanza seva iliganda mara tatu, kila mara wakati wa kutengeneza nakala ya akiba, yaani wakati diski inapofanya kazi nyingi zaidi. Nililaumu diski, nikalaumu programu, nikaifuta nikaiweka upya, nikapoteza usiku wa Ijumaa mzima. Kumbe volti zilikuwa zikianguka chini ya 4.63, kiwango ambacho ubao wenyewe huhesabu kuwa ni upungufu. Home Assistant ina kikaguzi cha umeme wa Raspberry Pi kinachotoa onyo juu ya hali hiyo, na onyo lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikilifunga bila kulisoma. Kwa anayenunua Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu ubao huo unataka adapta ya ampea 5, na ukiulisha kwa adapta ndogo hupunguza wenyewe umeme wa milango ya USB hadi miliampea 600 kwa milango yote.

Baada ya adapta, nunua betri. Seva pamoja na SSD hula takribani wati 6 na ruta takribani wati 8, kwa hiyo betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo ina wati-saa 84, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike mapema, itakubeba muda wa saa mbili na nusu hivi ukitoa kinachopotea njiani. Ukatikaji mwingi wa mtaani kwetu haufiki huko. Ukinunua kile kisanduku cha betri kinachouzwa kwa ajili ya ruta, soma kibandiko chake kwanza, kwani vingi hutoa ampea 2 tu kwenye tundu la volti 5. Gharama ya stima isikutishe: wati 6 kwa mwezi mzima hazifiki yuniti 5 za tokeni.

Kuna dosari nyingine ya kukatika kwa stima ambayo hujificha vizuri zaidi. Raspberry Pi 4 haina saa yake yenyewe yenye betri. Hupata saa kutoka kwenye mtandao. Usiku mmoja stima ilirudi saa tisa, seva ikaamka kabla ya intaneti kurudi, ikaendelea kuhesabu kuanzia saa iliyoikumbuka mwisho, na taa za barazani zikawaka alfajiri zikidhani ni magharibi. Moduli ndogo ya saa aina ya DS3231 huondoa tatizo hilo, na Raspberry Pi 5 ina saa hiyo ndani, mradi uinunulie betri yake. Na madhali tuko kwenye saa: ratiba huandikwa kwa mfumo wa saa 24, lakini wenye nyumba husema saa za Kiswahili. Mama aliagiza taa ziwake saa kumi na mbili jioni, mdogo wangu akaandika 12:00, na taa zikawaka adhuhuri kwa siku mbili kabla ya mtu kuuliza. Andika 18:00, na ukimfundisha mwingine, mwonyeshe tofauti hiyo kabla ya jambo jingine lolote.

Kifaa kinachounganisha mlango wa USB na tundu la SSD (SATA) nacho kichague kwa uangalifu. Baadhi ya chipu za vifaa hivyo hazipatani na Linux, mfumo endeshi wa seva, katika itifaki ya kusafirisha data iitwayo UAS. Diski hupotea ghafla, hurudi, kisha hifadhidata huharibika. Dawa yake ni mstari mmoja katika cmdline.txt, faili linalosomwa ubao unapowaka, unaoiamuru Linux isitumie UAS kwa chipu hiyo. Kasi hupungua, lakini seva ya nyumba haihitaji kasi kubwa, inahitaji diski isiyopotea.

Ukiwa na vifaa vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana na seva kwa redio ya nguvu ndogo badala ya Wi-Fi, utakutana na ugomvi wa SSD na antena yake ya USB. Milango ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo Zigbee huyatumia, na mwenye kuichomeka antena pembeni ya diski huona vifaa vya chumba cha pili vikikatika bila sababu. Chomeka SSD kwenye mlango wa buluu na antena kwenye mlango mweusi wa USB 2.0, tena kwa waya wa nusu mita au zaidi ili iwe mbali na ubao. Katika nyumba zetu za zamani zenye kuta nene za matumbawe hilo halitoshi, kwa hiyo weka soketi mahiri za Zigbee kwenye korido na ngazini, kwani kifaa kilichochomekwa kwenye stima hupokeza mawimbi kwa vifaa vya betri. Mimi niliiweka Zigbee kwenye chaneli ya 25, juu ya Wi-Fi za majirani, ambao ni wengi na wako karibu.

Kuhusu joto na chumvi nitasema machache. Ubao hujipunguzia kasi ukifika nyuzi 80, na chumba chetu mwezi wa Februari huwa na zaidi ya nyuzi 30 kabla hujawasha chochote. Napendelea ganda la alumini lisilo na feni, kwa sababu feni huvuta ndani hewa ile ile ya bahari inayokula vitasa vya milango. Usiiweke seva dirishani.

Pampu ya maji ndiyo sababu wengi wetu Mombasa huanza kazi hii, maana maji huja kwa zamu na tangi la juu lazima lijazwe yanapokuja. Usiipitishe mota ya pampu kwenye swichi ndogo mahiri. Iamuru kontakta, yaani swichi nzito ya sumaku-umeme, na kontakta ndiyo ibebe mota, na kazi hiyo ya nyaya mwachie fundi wa stima. Pia liache boya la tangi, floti kama wasemavyo mafundi wa mabomba, likate pampu lenyewe bila kuitegemea seva, kwani seva inayoganda pampu ikiwa imewashwa itamwaga maji ya wiki nzima juu ya dari.

Kwa sababu hiyo hiyo chagua vifaa vinavyoamrishwa ndani ya nyumba bila kupitia intaneti. Mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, swichi zetu hazikujua kama kuna lililotokea.

Nakala ya akiba isikae kwenye SSD ile ile. Itume kwenye kompyuta nyingine kila usiku, na kwa kuwa matoleo ya Home Assistant ya tangu 2025 huifunga nakala ya moja kwa moja kwa ufunguo, chapisha ufunguo huo kwenye karatasi. Wetu uko pamoja na hati ya nyumba. Kisha fanya jaribio la kurejesha ukiwa huna haraka. Nilimpa mdogo wangu kadi ya akiba na karatasi ya maelezo, nikaenda zangu Kongowea sokoni. Alifika mwisho bila kunipigia simu ila mara moja: seva iliwaka, kila kitu kilirudi, lakini vifaa vya Wi-Fi havikuiona, kwa sababu ruta ilikuwa imeipa anwani mpya. Tangu hapo anwani ya seva tumeifunga kwenye ruta, na imeandikwa kwenye karatasi ile, mstari wa kwanza.