Tangazo Halijafika Mpaka Mzee Akujibu: Kwa Unayeanza Kuhudumia Wazee wa Jumuiya

Kama umechaguliwa juzi kuratibu wazee kwenye jumuiya yako ya Kikatoliki, huenda jambo la kwanza uliloambiwa ni kuwaunga kwenye grupu la WhatsApp. Grupu lina kazi yake, na wapo wazee wa hapa Dar wanaolitumia vizuri kuliko vijana. Ila wengi wana kitochi. Wengine simu janja wanayo, waliletewa na mtoto aliyeko Arusha, lakini bando likiisha Jumanne haliwekwi tena mpaka mwisho wa mwezi. Wengine namba waliyoandikisha ni ya mjukuu, na mjukuu ameshapanga chumba chake Goba. Ukituma tangazo ukaona tiki mbili, ujue simu imepata. Mzee bado.

Nimehudumia wazee katika parokia moja upande wa Temeke kwa miaka kadhaa, na ninachotaka ulishike mapema ni hili: hesabu kwamba tangazo limefika siku mzee anapokurudishia jibu. Kabla ya hapo umetuma tu. Ukilishika hilo, mengine mengi utayagundua mwenyewe kulingana na mtaa wako.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokubaliana mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha Kanisa huku kwetu, walikuwa wanazungumzia majirani, watu wanaofikiana kwa miguu. Zamani tangazo lilitembea: mwenyekiti anampitia mama wa kona ile, naye anagonga nyumba ya nyuma. Simu zilipoingia kutembea kukapungua, na waliobaki nje ni wale wale ambao miguu yao haiwafikishi tena kanisani kusikia matangazo mwisho wa Misa. Kwa hiyo usijione umebuni huduma mpya. Unarudisha kitu ambacho jumuiya iliundwa kukifanya.

Anza na daftari la kawaida. Pita nyumba kwa nyumba ukiwa na mtu anayefahamika, usiende peke yako siku ya kwanza. Katika mji huu mgeni anayeulizia namba za simu na nani anaishi na bibi lazima atiliwe shaka, na ni vizuri atiliwe. Andika jina analoitwa mtaani, maana kwa jina la ubatizo unaweza kuzunguka Tandika nzima. Watu wanamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au kwa kazi aliyoifanya: Mwalimu, Mama Vitumbua, Mzee wa Reli. Andika namba ni ya nani hasa, anapokea saa ngapi, anasikia vizuri sikio lipi, na nani yuko naye mchana. Usiku nyumba imejaa. Mchana yuko yeye na dada wa kazi. Andika pia jirani wa karibu. Mara nyingi ni Mwislamu, na ndiye wa kwanza kujua kwamba leo mlango haujafunguliwa. Mwombe namba yake, mweleze wewe ni nani, na Idi ikifika mpigie umpe mkono wa Idi kama unavyompigia ukiwa na shida. Daftari hilo likae kwako na kwa katibu. Lisipigwe picha likarushwa kwenye grupu, kwa sababu lina orodha ya watu wanaoshinda peke yao majumbani.

Sasa simu. Watu wanadhani kumpigia mzee ni jambo dogo, kumbe hapa ndipo kazi inapoharibikia. Usianze na tangazo. Shikamoo, ngoja marahaba, uliza mguu unaendeleaje, uliza mjukuu aliyekuwa anasubiri matokeo. Dakika tatu hizo ndizo zinazomfanya awe tayari kukusikiliza, na kwa wengine ndiyo simu pekee ya siku hiyo. Jambo lenyewe liseme moja. Ukiunganisha jumuiya, mchango wa ukarabati na mkutano wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kwenye simu moja, atakachobaki nacho ni mchango, na atalala na wasiwasi wa hela.

Kuhusu kusikia, elewa kwamba uzee huanza kuondoa sauti nyembamba. Mzee anasikia kwamba unaongea, lakini maneno yanamponyoka. Ukipaza sauti inazidi kuwa nyembamba, halafu inakuwa kama unamgombeza. Shusha sauti, punguza mwendo, ondoka kwenye kelele za barabarani kabla hujapiga. Ukiwa naye ana kwa ana, kaa mbele yake aone midomo yako. Na siku ukimtembelea, mwombe ruhusa umbadilishie mlio wa simu uwe mzito. Ile midundo myembamba inayokuja na simu wengine hawaisikii kabisa, ndiyo maana unapiga mara nne hapokei na unadhani amekasirika.

Usimuulize "umenisikia?" Mzee mwenye adabu zake atakujibu "nimekusikia mwanangu" ili usisumbuke. Uliza swali linalodai jibu: "Basi mama, Jumamosi tukufuate saa ngapi?" Akisema "njooni saa kumi na mbili, nitakuwa nimeshajiandaa," limefika. Akisema "Jumamosi kuna nini tena?", anza upya kwa upole ule ule.

Kwa wanaosoma meseji, kumbuka SMS moja hubeba herufi 160. Ukizidisha inagawanywa, na kwenye kitochi macho yenye mtoto wa jicho hayana subira ya kushuka mstari kwa mstari. Siku na saa viwe mwanzoni. Saa iandikwe kama tunavyoisema: "saa 12:30 asubuhi". Tangazo lililonakiliwa kutoka ofisini likiwa na 6:30 AM limeshawahi kumleta mtu saa sita na nusu mchana. Ya kwangu huwa hivi: "Shikamoo mama. Jumamosi saa 12:30 asubuhi jumuiya ni kwa Mwalimu. Bajaji itakupitia saa 12. Nijibu kama utakuja." Inatosha. Mistari ya Biblia na picha za maua zipeleke kwenye grupu.

Tangazo ambalo halisubiri ni la msiba. Nimeona mama wa miaka themanini na kitu akiambiwa juu juu, kwenye foleni ya zahanati, kwamba mwenzake waliyeanza naye jumuiya ameshazikwa wiki iliyopita. Aliuliza mara mbili, "Amezikwa?" Kisha akakaa kimya mpaka zamu yake ikapita. Grupu lilikuwa na ratiba nzima, picha ya marehemu, na rambirambi mia. Yeye hakuwa na grupu, na kila mmoja wetu alidhani mwingine amemwambia. Hapa Dar misiba inakwenda mbio: mwili unaagwa asubuhi, na mchana gari limeshaanza safari ya Moshi au Songea. Mzee akikosa zile saa mbili za kuaga, amekosa moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye daftari lako, mbele ya kila jina, andika ni nani mwenye jukumu la kumwambia mzee huyo habari za msiba. Mtu mmoja, kwa jina, tena aende mwenyewe. Habari ya kifo cha rafiki wa miaka hamsini haitolewi kwa simu kwa mtu aliye peke yake ndani. Kaa naye, muulize kama anataka kupelekwa, na kama hawezi, muulize ungependa tukusemee nini kule.

Jambo la pili lisilosubiri ni Komunyo ya wagonjwa. Kuna bibi tunayempelekea Ekaristi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Anaoga, anavaa kitenge chake cha WAWATA, anatandaza kitambaa cheupe kwenye kimeza, anaweka msalaba, na mshumaa anausimamisha kwenye kisosi, kibiriti pembeni. Halafu anakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Hali kitu. Ameelezwa na padre zaidi ya mara moja kwamba wazee na wagonjwa hawafungwi na ile saa moja ya kufunga kabla ya kupokea, lakini ndivyo alivyolelewa. Na ana kisukari. Mhudumu anayeleta Ekaristi akikwama kwenye foleni ya Mbagala, na ile saa mbili ikawa saa sita, aliyeko nyumbani anatetemeka kwa sukari kushuka na bado hataki kugusa uji. Simu moja ya "mama tumechelewa, kunywa uji kwanza, tutafika saa sita" inamtendea makubwa. Tena asikie kwa mhudumu mwenyewe, kwa sababu ukimwambia wewe uliye mtoto kwake, atasema unamshawishi. Mpange hilo kabla, siku zote.

Kuhusu matapeli, ongea na wazee wazi na kwa kurudia. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" wengi wanaijua siku hizi. Wanaowaumiza sasa ni wanaopiga simu: mtoto wako amepata ajali, tuma hela aingizwe chumba cha upasuaji, au mimi ni katibu wa parokia, namba ya zaka imebadilika. Kubalianeni na ofisi ya parokia kwamba namba ya michango haibadilishwi kwa meseji. Ikibadilika itatangazwa kanisani na mtu wa jumuiya atapita nyumbani kusema kwa mdomo wake. Waonyeshe namba 15040 ya kuripotia meseji za utapeli. Na wewe mwenyewe usiijue namba ya siri ya mzee yeyote. Hata akikusihi, "nitolee tu mwanangu macho hayaoni," mwite mtoto wa nyumba ile asimamie. Siku elfu kumi ikipotea kwenye simu yake, uaminifu wa jumuiya nzima utakuwa mashakani, hata kama ni makato ya mtandao.

Ukimfundisha kutumia simu, iache mkononi mwake. Najua inachosha. Mkono wako unataka kuinyakua umalize kwa sekunde mbili. Lakini kidole kilichobonyeza chenyewe ndicho kinachokumbuka. Fundisha jambo moja kwa siku, na la kwanza liwe kutuma ujumbe wa sauti, kwa wenye simu janja. Kwa mtu asiyeona herufi vizuri, kubonyeza, kuongea na kuachia ni ukombozi mkubwa. Utashangaa kupokea salamu ndefu saa kumi alfajiri.

Redio nayo usiidharau. Radio Maria na Radio Tumaini zimewashika wazee wengi wasiotoka ndani, zina rozari na Misa kila siku. Ila redio haijui kwamba jumuiya yenu imehamia nyumba nyingine wiki hii. Hata habari za serikali hazimfikii kwa redio tu: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini lazima atambuliwe kupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Mpeleke. Foleni, picha na barua vinahitaji mtu wa kumsindikiza.

Kisha wape kazi. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyotangulia kusema. Mwalimu mmoja mstaafu wa Keko, magoti yalimgomea kabisa, alikuwa anasikitika kwamba sasa amekuwa mtu wa kuletewa tu. Jumuiya ikamwekea dakika za simu na kumpa majina matano ya wazee wenzake awapigie kila Alhamisi jioni. Anawajua kuliko mimi. Anajua nani akisema "sijambo" kwa sauti ile ni mgonjwa. Mara mbili ametupigia usiku kusema nendeni kwa fulani, na alikuwa sahihi. Ombeni bajeti ya vocha kwenye mfuko wa jumuiya, iandikwe kama mnavyoandika mishumaa. Isitoke mfukoni mwako, kwa sababu mwezi ukikuishia na huduma itakwama.

Jumuiya kwenda kusali nyumbani kwa mzee nako ni kumpa nafasi yake, ila mtangulie kusema hakuna chai. Wengi wanakataa zamu kwa aibu ya kukosa sukari na maandazi, na hawasemi. Bebeni viti vyenye mikono ya kushikia. Kwenye mkeka anakaa, kunyanyuka ndiyo shughuli.

Mwisho, wazee wa Dar wanahama. Miezi mitatu kwa binti Segerea, miwili kwa kijana Kibaha, Desemba nyumbani Rombo, akirudi anafikia Kigamboni. Kwenye daftari lako anaonekana "hayupo", na huko alikofikia hakuna anayemjua. Kwa mtoto wake anaitwa tu "bibi amekuja". Anaweza kukaa miezi bila Sakramenti, na kanisa liko mtaa wa pili. Ukisikia anasafiri, muulize anafikia kwa nani na parokia gani iko jirani. Mpigie mwenyekiti wa jumuiya ya kule, mtajie jina lake la mtaani, sikio analosikia vizuri na saa anayopokea simu. Baada ya wiki moja mpigie mzee mwenyewe, umuulize ni nani kutoka jumuiya ya pale aliyekuja kumsalimia. Asipokutajia jina, mpigie tena yule mwenyekiti.