Nukta mbili zimekubali, mbona jibu si sahihi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwenye jaribio tulipewa grafu inayopita (0, 3), (1, 0) na (3, 0), tuchague mlinganyo wake:

A. y = x² + 4x + 3
B. y = x² − 4x + 3
C. y = −x² + 4x − 3
D. y = 2x² − 5x + 3

Nilijaribu nukta mbili za kwanza kwenye D, zikakubali. Nikachagua D, nikakoseshwa. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Ujiji, Kigoma

JIBU: Hesabu yako haina kasoro: ukiweka x = 1 kwenye D unapata 2 − 5 + 3 = 0. Umesimama mapema tu. Grafu za x² zinazopita kwenye nukta mbili zilezile hazina idadi, na watunzi wa mitihani wanalijua hilo vizuri sana. Weka x = 3: D inatoa 18 − 15 + 3 = 6, wakati grafu inasema 0. B inatoa 9 − 12 + 3 = 0. Jibu ni B.

Siku nyingine anza na x = 0, maana kinachobaki ni namba ya mwisho peke yake. C inabaki na −3, inatoka hapohapo. Kisha x = 1 inaitoa A, kwani 1 + 4 + 3 = 8.

Usitegemee nukta za mhimili wa x peke yake. Jaribu (1, 0) na (3, 0) kwenye C: zote zinakubali! C ni B iliyozidishwa kwa −1, na sifuri ukiizidisha kwa namba yoyote hubaki sifuri. Lazima uwe na nukta moja ambayo y yake si sifuri. Angalia pia alama: x ikiwa 3, −x² ni −9. Ukiandika 9, C unaitupa kwa sababu isiyo ya kweli.

Nukta zako zisome pale grafu inapopita kwenye makutano ya mistari ya miraba, si katikati ya mraba, na utazame skeli ya kila mhimili kwanza. Mara nyingi hazifanani.

SWALI: Na kama grafu ni mstari ulionyooka?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Mbili zinatosha, mradi milinganyo yote uliyopewa ni ya mistari iliyonyooka. Ya tatu itakuonyesha tu kama ulisoma vibaya.