Mvule wa mlango wa zamani na msaji mpya

Ndugu, umeuliza kama mbao za mlango wa zamani wa mvule zitakubali kukaa na msaji mpya kwenye meza ya chakula. Zinakubali, na zinapendeza mno. Kwanza pitisha sumaku kila mahali kwenye mbao za mlango. Msumari mmoja uliojificha unatosha kutia pengo kisu cha randa. Hofu yangu ni huo msaji. Ukiwa bado mbichi utasinyaa, wakati mvule umeshatulia miaka mingi, na maungio yataachia. Uache ukauke kwanza. Tena msaji una mafuta, kwa hiyo ufute kwa spiriti kabla tu ya kupaka gundi. Uso wa meza usiugundishe kwenye fremu. Tumia skrubu kwenye matundu marefu kidogo, uso upate nafasi ya kutanuka masika. Na lile tobo la komeo usilizibe, tafadhali.