Gesi inapanda, mkaa haushuki: jibu la aliyewahi kuwa karani wa sensa

Mkuu, umeuliza: kama takwimu zinasema Watanzania wanahamia gesi mwaka hadi mwaka, mbona magunia ya mkaa bado yamepangwa barabara ya Morogoro? Nani anadanganya? Nitajibu kwa kirefu, maana jambo hili nimelifanyia kazi na nimeliishi jikoni kwetu.

Hakuna anayedanganya. Shida ni swali lenyewe.

Mwaka 2012 nilikuwa karani wa sensa hapa Dar. Dodoso refu lilikuwa na swali la chanzo kikuu cha nishati ya kupikia, na hilo neno "kikuu" lilinisumbua siku zote. Nyumba moja ya kupanga nilimkuta mama uani, jiko la mkaa mbele yake na sufuria ya maharage imefunikwa sahani. Ukutani kulikuwa na jiko la mchina, limekauka, halijaguswa tangu mafuta ya taa yapande. Ndani, chini ya meza, mtungi mdogo wa gesi. Nikamuuliza kikuu ni kipi. Akaniambia, "Mwanangu, inategemea napika nini." Nikasubiri na kalamu yangu. Mwisho akasema, "Haya, andika mkaa." Chumba cha pili mlango wa jirani, vitu vilevile, mkaa uleule unawaka, dada wa pale akasema gesi. Majiko yale yale, ila kwenye karatasi zangu yakaenda pande mbili tofauti.

Kwa hiyo ukiambiwa asilimia fulani wanatumia gesi, elewa kwamba gesi imeingia jikoni. Haina maana kwamba mkaa umetoka.

Sensa ile ilitoa kuni asilimia 68.5 na mkaa 25.7 kwa nchi nzima. Yaani zaidi ya kaya tisa katika kila kumi. Wengi wanasoma namba hizo kama picha ya watu waliosimama, wakati ukweli walikuwa wanasogea, na hawakuwa wanasogea kwenda kwenye gesi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa kaya za Dar zinazotumia mkaa zilitoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007. Miaka sita tu! Mtu akitoka kijijini anaacha kuni za kuokota, akifika mjini anakuta mkaa wa kopo pale dukani kwa Mangi. Na kwenye mkaa ndiko msitu unakoumia zaidi, kwa sababu tanuri la udongo la kawaida linakula kilo tano hadi kumi za miti kutoa kilo moja ya mkaa. Bibi anayeokota matawi makavu kijijini haumizi msitu kiasi hicho.

Mafuta ya taa nayo yalikuwa yanasaidia sana kwa chai na uji wa asubuhi. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha sana kodi yake ili kukomesha uchakachuaji, maana wafanyabiashara walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli. Sababu ilikuwa ya maana kabisa, magari ya watu yalikuwa yanakufa. Lakini aliyeilipa kodi hiyo alikuwa mama mwenye jiko la mchina.

Kisha kuna hesabu ambayo asilimia huificha. Mwaka 2012 tulikuwa milioni 44.9, mwaka 2022 tukawa milioni 61.7. Ili watu wanaopikia kuni na mkaa wabaki idadi ileile, asilimia yao ilitakiwa kushuka kutoka 94 hadi chini ya 69 ndani ya miaka kumi. Ikishuka hadi 80 watu watashangilia, huku matanuri ya mkaa yakiongezeka porini.

Sasa turudi kwenye maharage, maana siri yote ipo hapo. Mwaka jana nilikopa mizani ya duka la jirani nikapima kwetu miezi mitatu, kilo moja ya maharage makavu kila mara. Kwa mkaa ni makopo mawili, shilingi 2,000 mtaani kwetu. Kwa gesi nilipima mtungi kabla na baada: gramu 300 hivi, na kwa mtungi wa kilo 6 tunaojaza kwa 24,000, hiyo ni kama 1,200. Nilimwonyesha mama yangu karatasi. Akaisoma vizuri, akatikisa kichwa, akasema, "Gesi ya maharage? Itaisha." Maharage yakaendelea kwenda uani.

Nilikasirika, halafu nikamwelewa. Mkaa unaonekana ukipungua kwenye gunia, na ukiisha unatuma mtoto na elfu moja. Mtungi hauoneshi kitu. Mama anautikisa na kuusikiliza kama nazi, na siku ukizima katikati ya mapishi unamdai 24,000 kwa mkupuo. Mwenye kipato cha siku kwa siku hawezi kupanga maisha hivyo. Anaitunza gesi kwa chai, mayai na kupasha kiporo, na vitu vya kuchemka saa mbili au tatu, yaani maharage, makande, mihogo, vinabaki kwa mkaa. Na vitu hivyo ndivyo vinavyokula nishati kubwa ya jiko.

Kipimo cha tatu kilikuwa jiko la presha la umeme la lita sita. Maharage yaleyale, yamelowekwa usiku, yalikula uniti 0.6. Kwetu 10,000 inatoa uniti 28, kwa hiyo ni kama shilingi 215. Nilirudia mara nne kwa sababu sikuamini. Linapata moto, linajifunga, linakata umeme lenyewe na kuendelea kwa presha. Tusilichanganye na jiko la koili, ambalo linakula uniti kweli kweli.

Basi mbona hatuhami wote? Kwanza bei ya kulinunua. Pili, mita. Nyumba nyingi za kupanga wapangaji sita wanachangia LUKU moja, na mwenye nyumba ameshabandika sheria: jiko la umeme marufuku. Hapambanui koili na presha. Tatu, mwenye tarifu ya chini, yaani bei nafuu ya umeme kwa matumizi madogo, hupata uniti 75 kwa takribani 9,150 kwa mwezi, na akizidisha anahamishiwa bei ya juu. Akisikia "pikia umeme" anaona hatari hiyo tu. Ningekuwa na sauti kwa wanaopanga bei, ningeanzia hapo, kabla ya kugawa mitungi mingine.

Kodi ina nguvu, tusidharau. Kenya waliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye gesi ya mitungi mwaka 2016. Sensa yao ya 2009 ilikuwa na gesi asilimia 5 hivi, ya 2019 ikatoa karibu 24. Mwaka 2021 kodi ikarudi, kelele zikawa kubwa, baadaye ikapunguzwa na kuondolewa tena. (Kwetu watu hudhani gesi asilia inayochimbwa Songo Songo ndiyo iliyomo kwenye mitungi. Siyo, ya mitungi tunaagiza nje kwa meli, ndiyo maana dola ikipanda nayo inapanda.)

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nautakia heri kwa moyo wote, maana mama yangu ana kifua kisichopona na macho yake nayajua. Ila namwomba kila atakayekwenda kuhesabu asiulize "kikuu". Aulize jana maharage yalichemshiwa nini.

Kwetu presha ipo jikoni tangu Machi na mama ameipenda, anaiita "kijana". Jumamosi iliyopita umeme ulikatika saa kumi jioni maharage yakiwa nusu. Akayamimina kwenye sufuria ya zamani, akatoka uani kuwasha mkaa.