Msitu Huu ni wa Nani? Majibu kwa Wasomaji wa Kondoa, Mpwapwa, Bahi na Jirani Zao

Makala yangu iliyopita ilihusu misitu iliyo kwenye ardhi za vijiji. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48 hivi za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji. Nilisema vijiji vingi bado havijaimiliki rasmi. Ujumbe mwingi umekuja, na baadhi nimeujibu hapa.

Shikamoo bwana miti. Kijiji chetu kiko chini ya mlima wenye msitu, Kondoa. Wazee wanasema msitu ni wetu tangu enzi za mababu, watu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wanasema ni wa serikali. Nani mkweli?

Marahaba. Huenda wote wanasema kweli, ila wazee wanazungumzia matumizi na TFS wanazungumzia tangazo la serikali. Kabla hamjaanza kubishana, nendeni ofisi ya kijiji mkaombe kuona cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake. Msitu ukiwa ndani ya mipaka ya kijiji, na haujawahi kutangazwa kuwa hifadhi ya serikali kuu wala ya halmashauri, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinawapa haki ya kuutenga kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Mtausimamia wenyewe, na mapato yake ni ya kijiji.

Ukiwa tayari ni hifadhi ya serikali, kama ilivyo Salanga na Isabe kwenye milima ya Irangi, njia iliyopo ni usimamizi wa pamoja: kijiji kinaingia mkataba na mwenye hifadhi. Hapa nitasema bila kuficha. Usimamizi wa pamoja umewapa wanakijiji kazi nyingi na mapato kidogo. Vijiji vingi nchini vimefanya doria miaka na miaka bila mkataba uliosainiwa wala mgao ulioandikwa. Ombeni mkataba kwanza, doria baadaye.

Wala msidhani mipango ya serikali haibadiliki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu wa Duru-Haitemba kule Babati ulikuwa uchukuliwe kuwa hifadhi ya serikali. Wanakijiji walikataa, wakapendekeza waulinde wenyewe kwa sheria ndogo zao, na wakakubaliwa. Wenzao wa msitu wa Mgori, Singida, wakafuata. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 ilijengwa juu ya mafanikio ya watu hao wa kanda yetu.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji, Mpwapwa. Tulianza kutenga msitu wa kijiji zamani, tukapimiwa, kisha kimya. Makaratasi tunaambiwa yako wilayani. Tumekwama wapi?

Ndugu mwenyekiti, hili ndilo swali nililolisubiri, maana ndipo vijiji vingi vilipokwama. Nitakwenda taratibu.

Kazi huanza kwa mkutano mkuu wa kijiji kuchagua kamati ya maliasili. Kisha mpango wa matumizi ya ardhi, ili ijulikane malisho ni wapi, mashamba wapi, msitu wapi. Halafu mnatembea mpaka. Siku hiyo wazee lazima wawepo, na wa kijiji jirani pia lazima wawepo, kwa sababu mgogoro wa mpaka usipomalizwa pale porini utamalizwa kwa mapanga. Kila mnapofika kwenye kona mnakubaliana kwa sauti, mnapaka rangi kwenye mti mkubwa au jiwe, afisa anachukua kipimo kwa GPS. Nimeona mbuyu mmoja ukisimamisha kazi kutwa nzima kwa sababu kila upande ulikuwa na jina lake la mbuyu huo na hadithi ya aliyetundika mizinga pale. Kutwa hiyo haikupotea, maana mpaka ule haujagombaniwa tena.

Baada ya mpaka mnahesabu na kupima miti kwenye sampuli, mnaandika mpango wa usimamizi, mnatunga sheria ndogo. Mkutano mkuu unapitisha, kamati ya maendeleo ya kata inatoa maoni, kisha baraza la madiwani la halmashauri ya wilaya linaidhinisha. Nina hakika kubwa kwamba nyie mmekwama hapo mwisho. Sheria ndogo isiyoidhinishwa na baraza haina nguvu. Mgambo wenu akimkamata mtu na magogo, kesi itafutwa mahakama ya mwanzo, na mvunaji haramu atarudi kijijini akiwacheka.

Fanyeni hivi: chukueni nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa misitu wa wilaya na kwa diwani wenu, mkiuliza suala hilo litaingia kikao kipi cha baraza. Dai barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Diwani asiposema neno barazani, jalada lenu litaendelea kukaa kabatini. Msitu ukishaandikishwa wilayani na mkausimamia kwa miaka mitatu, mnaweza kuomba utangazwe kwenye gazeti la serikali, na hapo mtakuwa na ulinzi mkubwa zaidi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, Chamwino. Kila wakisema hifadhi, sisi tunafukuzwa kwenye kuni. Msitu ukifungwa tutapikia nini?

Mama, hofu yako ni ya haki, na nimeshuhudia kamati za wanaume watupu zikiandika sheria ya kuni bila kumuuliza hata mwanamke mmoja. Msitu wa hifadhi wa kijiji haulazimiki kufungwa. Mpango wa usimamizi unaweza kuandika kwamba kuni kavu za nyumbani ni bure siku fulani za wiki, kwamba mboga za majani, uyoga, ubuyu na dawa vinaruhusiwa, na kwamba chanzo cha maji tu ndicho kisiguswe. Hayo yanaingia kwenye mpango ikiwa mtu ameyasema mkutanoni. Nendeni wengi, mdai nafasi kwenye kamati, na mdai kipengele cha kuni kisomwe neno kwa neno kabla ya kupiga kura.

Na shambani kwako usisubiri mtu. Mkoa wetu umejaa visiki vilivyo hai chini ya ardhi. Ndiyo maana kazi ya kuvikuza iwe miti tena inaitwa Kisiki Hai. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka, pogoa mengine, funga kitambaa ili anayelima ayaone asiyakate, na uzuie mbuzi. Matawi unayopogoa ndiyo kuni za kwanza.

Kijana wa Kongwa: Je, kijiji kinaweza kuuza mkaa kihalali? Au mkaa wote ni haramu?

Kinaweza, kama mpango wa usimamizi unasema hivyo na vibali vimefuatwa. Jirani zetu wa Kilosa walifanya: sehemu ndogo tu ya msitu ilitengwa kwa mkaa, ikagawanywa vipande, kila mwaka vikavunwa vichache vilivyoachana, na visiki vikaachwa vichipue. Ada ilikwenda kijijini, ikajenga madarasa na zahanati. Ila miombo ya Kilosa inapata mvua kuliko vichaka vya Kongwa. Kwenu ningeanza na nyuki. Mkilazimika kuvuna, vuneni kidogo na muda wa kupumzisha uwe mrefu.

Kanuni za uvunaji za mwaka 2019 zimeipa kamati ya wilaya ya uvunaji sauti kubwa juu ya vijiji. Mimi nadhani zimepindukia: kijiji chenye mpango ulioidhinishwa hakipaswi kusubiri kikao kingine ili kiuze mti wake. Hilo wabunge wetu walisemee.

Mfugaji wa Bahi: Hifadhi ni njia ya kutuondoa?

Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa kwa amri. Msitu wa kijiji si lazima uende hivyo. Wasukuma wana ngitili: malisho yanafungwa wakati wa mvua, yanafunguliwa kiangazi, na miti inarudi. Daini muwemo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, njia za mifugo na maji vichorwe kwenye ramani.

Kuna kampuni ya kaboni imekuja kijijini kwetu, Manyoni. Tusaini?

Bado. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa ukaa, inaweza kulipa: Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, wanapata fedha hizo, lakini walianza kwa kupata hati ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao mwaka 2011. Haki ya ardhi ilitangulia. Someni mkataba kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu: ni miaka mingapi, kijiji kinapata asilimia ngapi ya mauzo, nani anabeba hasara msitu ukiungua. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zipo. Ulizeni kampuni imesajiliwa wapi chini ya kanuni hizo, na mwanasheria wa halmashauri aupitie mkataba.

Tumeambiwa hekta 200 za msitu wetu zihaulishwe, yaani zitolewe kwenye ardhi ya kijiji, apewe mwekezaji, na mwenyekiti ameshakubali. Imekwisha?

Haijaisha. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhaulishwa kwenda ardhi ya jumla (ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, waziri ndiye anayeamua baada ya kuzingatia mapendekezo yenu. Mwenyekiti hana uwezo huo peke yake, na halmashauri ya kijiji pia haina. Itisheni mkutano mkuu, kila mtu asaini mahudhurio, uamuzi uandikwe na nakala ya muhtasari ibaki kijijini. Kama mkutano haujafanyika, mwandikieni mkuu wa wilaya wiki hii.